Makauboi wa Saa Tatu na Nusu

Kazi ya baba yangu ilikuwa kuanguka. Mtu wa Uvira, kule Kongo, wa rika langu akinisikia nasema hivyo hahitaji maelezo, ataanza kucheka kabla sijafika mwisho wa sentensi. Ninyi wengine naomba niwaeleze. Baba na mwenzake mmoja, ambaye sisi watoto tulimwita baba mkubwa ingawa hatuna naye undugu wa damu, walikuwa wachekeshaji. Baba mkubwa alikuwa na tumbo, sauti na kofi. Baba alikuwa mwembamba, na ndiye aliyepigwa hilo kofi. Akishapigwa alizunguka, akayumba, akatafuta hewani kitu cha kushika, kisha akaenda chini kifudifudi, mzima mzima, bila kukunja goti. Ukumbi wa parokia ulilipuka kwa vicheko. Mimi nilikuwa safu ya mbele kando ya mama, nimenuna.

Nilinuna kwa sababu shuleni waliniita mtoto wa anayepigwa. Nilikuwa na miaka tisa, na niliona wazi kwamba kati ya wale wawili baba yangu ndiye mnyonge. Siku moja nikamwuliza kwa nini wasipokezane, leo apigwe huyu, kesho yule. Baba akaniita uani, akamwita na baba mkubwa, wakanionyesha pole pole. Kiganja cha baba mkubwa hakikugusa shavu hata kidogo. Mlio wa kofi ulitoka kwa baba mwenyewe, aliyegonganisha viganja vyake mara moja chini ya tumbo, mahali ambapo macho ya watu hayapo. Na mkono wa baba mkubwa haukuruka mpaka baba apepese macho mara mbili. Baba akaniambia kwamba anayepigwa ndiye anayeamuru, mpigaji ni mfanyakazi wake tu. Nilisikia, sikuamini. Nilidhani ni maneno ya mtu mzima anayejifariji.

Walirekodi kanda nyingi za video pale Uvira, zikaazimwa nyumba hadi nyumba mpaka picha zikachakaa. Vita vilipotufikia tulibeba sufuria, blanketi na wadogo zangu, kanda zikabaki ndani ya sanduku. Kambini walicheza tena, lakini nani kambini alikuwa na kamera? Hapa Birmingham walicheza kwenye harusi na sherehe za kanisa, dakika kumi kati ya keki na hotuba, na simu zote zilikuwa zimemwelekea bibi harusi. Ndivyo ilivyotokea kwamba baada ya maisha yote ya kuanguka hapakuwa na anguko hata moja la baba ambalo mtu angeweza kuliona leo. Watoto wangu, waliozaliwa hapa, niliwaambia babu yao alikuwa maarufu. Wakanijibu "Okay, Mum," kwa ile sauti ya kunihurumia.

Kisha nyonga ya baba ikaharibika. Hospitali wakamwekea mpya, wakampa kigari cha magurudumu manne cha kuegemea anapotembea, na mimi nikachukua uongozi. Mimi ni mhudumu wa wazee. Kila asubuhi nazunguka Acocks Green nyumba kwa nyumba, nawaogesha, nawapa dawa, na zaidi ya yote nahakikisha hawaanguki. Nimehudhuria mafunzo ya kuanguka, na cheti chake ninacho. Kwa hiyo kwenye fleti ya baba, huko Newtown, nilikunja mazulia yote, nikaweka vishikio bafuni na chooni, nikamnunulia viatu vyenye soli ya mpira. Hakupinga. Alinitazama tu, kikombe cha chai mkononi, na kama ningejua kuusoma uso ule ningeanza kuogopa mapema.

Jumapili moja baada ya ibada wakaniita wote wawili na kufunga mlango. Baba mkubwa ndiye aliyesema, kwa sauti yake ya jukwaani ambayo haijui chumba kidogo. Walikuwa wanatengeneza filamu, tena filamu ya kauboi. Ujanani mwao, walisema, vibanda vya sinema havikuonyesha kitu kingine chochote, nao waliapa kwamba siku moja watavaa zile kofia. Sasa mmoja alikuwa na miaka sabini na mmoja na mwingine sabini na mitatu, na kofia walikuwa wameshazinunua sokoni. Kazi yangu ilikuwa kushika simu na kuwapiga picha.

Hadithi yao nilicheka nilipoisikia, na mimi si mtu wa kuwapa cheko la bure. Makauboi wawili wazee wanaiba gunia la unga wa muhogo. Wizi unakwenda vizuri sana, saa mbili asubuhi wameshamaliza. Shida ni kutoroka. Farasi wao amechoka, kwa hiyo itabidi watoroke kwa basi, na kadi ya wazee ya kupanda basi bure haifanyi kazi kabla ya saa tatu na nusu. Kulipa nauli hawakubali. Wanakaa kituoni na gunia lao, nyuso zimefungwa vitambaa, wanangoja. Sherifu anafika kuwakamata, naye ni mzee, naye ana kadi, naye anakaa kungoja, maana gerezani ni mbali. Kila mmoja wetu hapa amewahi kukaa kituoni na mzazi saa tatu na dakika ishirini huku basi tupu likipita, baridi inamla, na mzazi hataki hata kusikia habari ya kulipa. Mzaha ule haukuhitaji maelezo.

Farasi alikuwa kile kigari cha hospitali. Baba alikitengenezea kichwa cha boksi la ndizi, masikio mawili, na mkia wa nyuzi za kudekia. Sherifu tulimpata ghorofa ya juu ya jengo lile lile: mzee wa Kisikh aliyezaliwa Kisumu, fundi nguo mstaafu, ambaye Kiswahili chake cha Kenya na kile cha baba cha Kivu vilikuwa vimezoea kubishana kwenye lifti. Alitushonea vizibao vitatu kwa siku mbili. Kofia ya kauboi aliikataa kata kata.

"Hii kilemba nimevaa toka nikiwa kijana," akasema. "Siwezi toa juu ya filamu."

Akaibandika nyota yake kifuani, na akawa sherifu mwenye adabu kuliko wote niliowahi kuwaona. Hata alipowaelekezea makauboi bastola ya plastiki aliwaamkia kwanza.

Tulianza na kituo cha basi, Jumanne moja niliyokuwa na mapumziko. Basi likaja saa tatu na dakika kumi na tisa. Kwenye maandishi yao, baba mkubwa alitakiwa amwulize dereva saa, dereva atikise kichwa, mlango ufungwe. Lakini dereva halisi alikuwa na moyo mzuri. Alizitazama zile kofia, akalitazama gunia, akawaambia waingie tu, dakika kumi si neno. Wema wake ukatuvunjia hadithi nzima. Baba mkubwa akabaki mdomo wazi, maana huyo akitolewa nje ya alichokariri ni gogo. Baba akasogeza farasi wake hatua moja mbele, akavua kofia, na kwa Kiingereza chake cha miaka ya kufagia maofisi akamwambia dereva kwamba wao ni wezi, ndiyo, lakini basi hawaibi. Watu ndani ya basi wakaangua kicheko. Dereva akafunga mlango huku anafuta macho. Nikiwa nyuma ya simu nilisikia kifua kinanijaa, na nikajishangaa, kwa sababu haikuwa hisia niliyoizoea kwa upande wa baba.

Ubaya ulikuwa mwisho wa filamu. Baada ya kungoja sana, makauboi wanagombania nani atakaa dirishani. Baba mkubwa anampiga baba kofi, na baba anaanguka kutoka kwenye farasi. Nilipofika hapo kwenye karatasi zao nikasema hapana, waandike mwisho mwingine. Baba hakubishana. Alinipeleka chumbani kwake, ambako kitanda kilikuwa kimesogezwa katikati. Akasimama, akaachia kigari, akaanguka juu ya godoro, akilalia upande wa nyonga nzima, mikono ikitangulia, mlio ukitoka viganjani. Akainuka, akaanguka tena. Baba mkubwa akanieleza kwamba mwenzake amekuwa akifanya hivyo miezi minne, mara ishirini kila asubuhi, na kwamba jirani wa chini ameshakuja kuuliza kuna nini. Alikuwa amelivunja anguko lake la zamani kipande kwa kipande na kulijenga upya kwa mwili alionao sasa. Nilikasirika kwa kufichwa. Pia niliona kwamba ni kazi nzuri, na hilo liliniudhi zaidi.

Tukakubaliana kwa masharti yangu. Ataanguka mara moja tu, hakuna kurudia. Ataangukia kwenye nyasi nyuma ya jengo, juu ya mkeka mnene wa mazoezi wa rangi ya kijani ambao kwenye picha hauonekani. Akiumia asijikaze, ainue mkono wa kushoto, nami nitakuja. Akaitikia yote kwa utiifu. Nilijua anachokitaka, hakuwahi kunificha hilo: anguko moja, likae kwenye picha, lisipotee kama mengine.

Jumamosi tukashuka. Jua lilikuwa kali kwa mji huu. Baba alipanda farasi wake, maana yake alikalia kile kiti kidogo cha kigari na miguu yake nje, kichwa cha boksi la ndizi mbele yake. Baba mkubwa akafoka, akainua mkono. Kofi likalia. Baba akazunguka, akayumba, akashika hewa, akaenda chini, na nyasi zikatoa mlio mzito ambao nimeusikia mara mbili kazini, na mara zote mbili tuliita gari la wagonjwa.

Nikakimbia. Kazini nimefundishwa kwamba mzee akianguka humkimbilii kwa kelele wala humnyanyui haraka. Unatulia, unamwuliza kama anajua alipo. Nilisahau yote hayo, cheti na kila kitu. Nilitupa simu, nikapiga magoti, nikamshika mabega naita "Papa, papa" kama mtoto. Alikuwa mzima kabisa. Alikuwa ananitazama kutoka chini ya kofia kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake. Tulipoangalia simu tulikuta kofi, mwanzo wa kuyumba, kisha mbingu, nyasi, na sauti yangu.

Baba akajiinua taratibu, akakataa mkono wangu, akashika mkono wa baba mkubwa.

"Nilikuwa ku kazi, mama," akaniambia. "Weye ukaona mugonjwa."

Kwetu baba humwita binti yake mama kwa mapenzi, lakini siku ile mapenzi yalikuwa mbali. Sherifu akakunja mkeka. Nilirudi kwangu kwa miguu badala ya kupanda basi, na njia nzima nilikuwa namjibu kichwani. Nilimwambia yeye hajui ni wazee wangapi nimewaona wakianguka jikoni mwao na wasirudi tena nyumbani. Nilimwambia kwamba yeye ana nyonga moja na mimi nina baba mmoja. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini hata nilipofika nyumbani nilijua kwamba nimempokonya kitu alichokifanyia kazi miezi minne, na kwamba nyasi zile hazikuwa na mgonjwa yeyote.

Hatukuongea siku tano. Siku ya tano nikawasha simu nione kama kuna chochote cha kuokoa. Nikapunguza mwendo wa picha, nikaitazama ile nusu sekunde kabla ya kofi mara nyingi sana. Baba mkubwa ameinua mkono, anafoka, mishipa imemtoka shingoni, ukimwona utasema ndiye mwenye nguvu. Macho yake lakini yamemganda baba, yanangoja. Na baba, akiwa amekaa juu ya kigari cha hospitali na kofia imemfunika masikio, anapepesa macho mara moja. Anapepesa mara ya pili. Ndipo mkono unaruka.

Niliwekewa jambo hilo mbele ya macho nikiwa na miaka tisa, nimekuja kuliona nikiwa na arobaini na minne. Yule mtu hakuwa anapigwa. Alikuwa anaendesha kila kitu pale, mkono wa mwenzake, mlio, pumzi za watu, na siku ile angeniendesha hata mimi kama ningekaa mahali pangu. Nikampigia simu. Nikamwambia Jumamosi, saa nne, masharti ni yale yale ila moja nimelifuta. Akauliza kama nimekula.

Jumamosi mawingu yalikuwa yameshuka lakini mvua hakuna. Nilikuwa nimevaa nguo za kazi za buluu, kwa sababu zamu yangu ilianza saa saba. Baba akakaa kwenye farasi, akarekebisha masikio ya boksi. Kisha akanitazama.

"Shika sawasawa, mama."

"Niko nashika, papa."

Nilishika kwa mikono yote miwili, viwiko nimevibana mbavuni. Macho yakapepesa mara moja, mara mbili. Kofi likalia. Akazunguka, akayumba, vidole vikatafuta hewa, na safari hii aliongeza kitu ambacho hakuwa amekifanya kitandani wala Jumamosi iliyopita: katikati ya kuanguka alimpapasa farasi shingoni, kama anayemwomba radhi, ndipo akaenda chini. Mlio ule ule mzito. Farasi akasogea peke yake nusu hatua na kusimama.

Baba hakuinuka. Alilala kifudifudi, kofia imemtoka na kuangukia kule, na hakuwa anatikisika. Kwenye maandishi alitakiwa ahesabu mpaka tatu na kuinua kichwa. Nikahesabu tatu, nikahesabu tano. Baba mkubwa alikuwa anamzunguka kwa ncha za vidole, akiendelea kuigiza, lakini jasho lilimtoka na sikujua ni jasho la nani, la kauboi au la mwenzake. Nikafika saba. Miguu yangu ilitaka kwenda, naapa, nilikuwa naiona inataka kwenda. Niliutazama mkono wa kushoto. Ulikuwa umelala juu ya nyasi, umetulia. Nane. Nikamvuta karibu kwenye picha kwa kidole gumba na sikusogea hata inchi moja.

Mkono uliotoka ulikuwa wa kulia. Ulitoka pole pole, ukatembea kwenye nyasi kwa vidole, ukaipita kofia, ukarudi, ukaipata, ukaivuta na kuifunika kwenye kisogo. Sherifu nyuma yangu alikuwa anacheka kimya kimya hadi mabega yanaruka. Mimi machozi yalinishuka mpaka shingoni, sikuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi. Sijawahi kujivunia mtu hivyo, hata watoto wangu siku nilipowazaa, na wakisoma hapa wanisamehe.

Filamu niliiunganisha mwenyewe kwenye meza ya jikoni, dakika ishirini na mbili. Tuliionyesha kwenye ukumbi wa kanisa Ladywood, Jumamosi alasiri, mapazia yamefungwa. Wakaja Wakongo wa mji mzima, Wakenya kadhaa, na familia ya sherifu na masinia ya sambusa. Kina mama wa kwaya walikaa mbele, kama kawaida yao. Kwenye kituo cha basi watu walicheka mpaka nikalazimika kusimamisha picha na kurudisha nyuma, kwa sababu maneno ya dereva hayakusikika. Watoto wangu walicheka kwa Kiingereza, lakini walicheka.

Baba alikuwa amefanya jambo la ajabu tangu mwanzo. Kiti chake cha heshima, safu ya kwanza, alikuwa amekiburuta hadi kando ya skrini na kukigeuza. Alikaa amewaelekea watu, picha iko mgongoni mwake. Nilidhani anaogopa kujiona. Wapo wazee wasiopenda kuona walivyozeeka, nami kila siku nawafunikia vioo. Pambano lilipokaribia nikachukua kiti, nikaenda kukaa karibu naye, nikamnong'oneza ageuke, ndiyo inafika, kazi yote ile ilikuwa kwa ajili ya hii. Akanikatalia kwa kidole.

Kofi likalia nyuma yake. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Hawa ni watu ambao kila mmoja ana mzee nyumbani, na walipomwona mzee anakwenda chini vile, hakuna aliyecheka. Sekunde zikapita. Mama mmoja wa kwaya akasimama na mkono mbele kama wa kumdaka mtu, kisha wa pili, kisha safu mbili tatu za nyuma. Halafu ule mkono wa kulia ukaanza kutembea kwenye nyasi, na kicheko kikaanzia kwa wale waliosimama, kikarudi nyuma mpaka mlangoni, watu wakashikana, mmoja akakalia mapaja ya asiyemjua.

Baba alikuwa anawatazama. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, anahama kutoka sura moja hadi nyingine, haruki hata moja.

"Miaka makumi ine naanguka uso chini," akaniambia, bila kuondoa macho kwao. "Sura za batu sikuzionaka ata siku moya."

Nikakigeuza na kiti changu, nikakaa kando yake, tukawatazama.